Difu Niliyoifunga Kinyume

Siku ile tulikuwa wanne: mimi, Neema anayenifuata kuzaliwa, Bwana Mulenga wa ng'ambo ya mpaka, Zambia, na askari mmoja wa mpakani. Nawataja kwa sababu wote waliniona.

Bwana Mulenga aliniletea kigari chake cha mbio za vumbi, kile cha kuendeshwa kwa rimoti, nifungue difu yake, ile gia inayozungusha magurudumu, na kuitia grisi. Mimi niliacha shule tulipofiwa na wazazi, nikalea wadogo zangu kwa kufungua difu za malori. Difu ni difu, nikajiambia. Nikaifunga kinyume bila kujua.

Tulipokijaribu nje ya gereji, nilibonyeza kiende mbele, kikarudi nyuma. Kwa hofu nikazidi kubonyeza. Kikapita chini ya foleni ya malori, kikagonga buti la askari.

"Awe, hapana! Tumekwisha," alinong'ona Bwana Mulenga, akajificha nyuma ya tairi.

Askari akakiinua, akatujia nacho. "Cha nani hiki?"

Niliwaza mahabusu, nikawaza wadogo zangu watakula nini. Nikaficha rimoti ndani ya koti. "Sikijui, afande."

Neema akasogea mbele. "Changu, afande. Kaka hahusiki."

Nikaisukuma rimoti ndani zaidi, kidole kikagusa kitufe. Magurudumu yakazunguka mikononi mwa askari. Nikazidi kuisukuma, nayo yakazidi kuzunguka.

Askari akalitazama koti langu. "Kaka mtu, humo ndani umeficha nini?"

Difu nimeshaigeuza, kigari sasa kinakwenda mbele. Neema bado sijamwomba radhi.