Shemeji na Buti la Gari

Siku zote nne tulizosafiri katika hifadhi za milimani, shemeji yangu, mume wa dada, alitumia saa nzima kila asubuhi kupanga buti la gari: viti chini, hema, mablanketi, sufuria, kisha kamba, ambayo aliijaribu kwa vidole viwili kama daktari anayepima mapigo ya moyo. Ukimletea kikombe kilichosahaulika, alishusha vyote akaanza upya. "Taratibu, shemeji, mlima hauhami," aliniambia. Hauhami, kweli, lakini ikifika saa tatu mawingu huwa yameshafunika kilele, na mama yetu alikuja kukiona kabla magoti hayajamkatalia safari kabisa. Asubuhi tatu tulikuta ukungu mtupu.

Asubuhi ya nne mama alitangulia kwa miguu. Tulimkuta kwenye kona ya barabara, ameegemea fimbo, kilele cheupe kiko wazi mbele yake. Shemeji aliruka nje, akafungua buti, akaikata kamba kwa kisu. Sufuria zikabingirika barabarani, mablanketi yakaangukia matopeni, mpaka akakifikia kiti. "Kaa, mama, usichoke." Mama alikaa bila kubandua macho kileleni. Shemeji alipogeuka naye atazame, wingu lilikuwa limeshakifunika.

"Mlima uko upande gani?" shemeji akaniuliza.