Mama Haloo Hakati Simu

Dada yangu mkubwa wanamwita Mama Haloo, na jina hilo hakulitafuta. Ni yeye anayepokea simu za wateja kwenye kampuni ya vipuri vya mashine tangu enzi za simu za kuzungusha namba kwa kidole. Mteja akipiga amefura, humwacha atapike yote, kisha humuuliza taratibu, "Haya, tuanze wapi?" Mama yetu naye akishika simu haachii, na katika watoto wake wote anayemvumilia ni huyu peke yake. Hajawahi kumkatia mtu simu. Hata matapeli huwaaga!

Sasa sikia upuuzi. Walimwondolea simu ya mezani, wakampa ya mkononi inayotumia waifai ya ofisi, ili mteja akiulizia kipuri aongee naye huku anatembea mpaka stoo kukitazama, halafu apite uhasibu kuuliza bei. Wazo zuri, sina ugomvi nalo. Lakini wakuu wa vitengo pale wana ugonjwa wa ukubwa. Kila mmoja alitaka waifai yake, yenye jina lake na neno lake la siri. Mauzo wana yao, stoo wana yao, uhasibu wana yao. Kwa hiyo dada akivuka mlango tu, simu inaachana na mtandao mmoja na kuanza kuhangaika kutafuta mwingine, na mteja huko aliko anabaki anaita, "Haloo? Haloo?"

Wateja wakalalamika. Mkurugenzi akamsimamisha mbele za watu, akamwambia, "Mama, una kiburi. Unawakatia wateja." Akamtaka asimame mkutanoni, akiri, aombe radhi, la sivyo aende zake. Dada yangu huyo! Alikuja kwangu akakaa jikoni bila hata kuvua viatu.

"Kazi wachukue, mdogo wangu," akasema. "Lakini niseme nilikata, na sikukata?"

Damu ilinichemka. Mimi ni fundi wa mitandao, nikaenda mwenyewe kwa mkurugenzi kuomba kazi ya kurekebisha. Akakubali. Nikapanda darini, nikavuta kebo mpaka kila chumba, kila kifaa cha waifai kikapata waya wake kutoka kwenye swichi, kile kisanduku kinachogawa mtandao, na vyote nikavipa jina moja na neno la siri moja. Hapo mtu anatembea jengo zima, simu inahama kifaa hadi kifaa, na maongezi yanaendelea kama kawaida. Hakuna uchawi.

Kesho yake simu ikakatika tena mlangoni pa uhasibu. Nikarudi mbio. Jamani! Mhasibu mkuu, mtu mzima na tai yake shingoni, alikuwa amepanda kiti, amechomoa kebo yangu na kurudisha kidubwasha chake cha zamani. Amekipa jina UHASIBU TU.

"Hatuwezi kuchangia jina na watu wa stoo," akaniambia bila haya.

"Mzee, dada yangu anafukuzwa kwa ajili ya jina la waifai?"

"Hayo ni ya kwenu."

Nilitamani kumning'iniza darini na kebo zangu. Niliking'oa kile kidubwasha, nikarudisha kifaa changu, na yeye akabaki kutukana ukuta.

Nikarudi mezani kwa dada, nikamwambia ajaribu. Kabla hajapiga, simu ikaita. Ni mkurugenzi, yuko safarini. Dada akaweka sauti ya nje.

"Nasikia mtandao umepona. Vizuri. Ila ile radhi iko palepale. Wateja wanataka kusikia kuna mtu ameadhibiwa."

Kumbe anajua! Anajua haikuwa yeye, na bado! Nilitaka kuipokonya ile simu, dada akanizuia kwa mkono. Akainuka, akaanza kutembea, nami nyuma yake. Akapita mauzo, mkurugenzi anahubiri nidhamu. Akapita uhasibu, anahubiri utii, na mhasibu mkuu kainamisha kichwa. Akaingia stoo, akaenda mpaka mwisho kabisa, kwenye mlango wa mizigo. Hakuna neno lililodondoka njiani.

"Bosi," dada akasema, "unanipata vizuri?"

"Nakupata vizuri sana."

"Basi hii nakata mimi."

Akakata. Akaiweka simu juu ya boksi la vipuri, akatoka.