Chupa Tano na Jerikeni Moja

Hasira zangu ziko karibu, wanafunzi wangu wa kambi ya Rubondo wanalijua hilo. Siku ile nilikuwa nimetoka sokoni Rwekubo na chupa tano za soda, nikazipanga mezani, kila moja na kipimo chake cha maji. Darasa la sita, lenye watoto wengi kuliko viti, lilikuwa kimya, jambo ambalo halitokei bure. Nikagonga kwa kijiko, moja baada ya nyingine.

"Mnasikia? Maji yakizidi, sauti inashuka."

Kidole kikainuka nyuma. Alikuwa yule msichana ambaye siku mbili yuko kwenye foleni ya pampu na siku moja yuko shule, kwa kuwa mama yake ana mtoto anayenyonya. Hakuwa ameinua kidole mwaka mzima.

"Mwalimu, haiko vile. Bido ikianza kujaa, sauti inapanda. Tunasikia tu, tunaitosha chini ya bomba mbele ya maji kumwangika."

Bido ni jerikeni, sisi wa Kivu ndivyo tunavyosema, na mimi mwenyewe nimezijaza miaka mingi kwa kusikiliza tu. Nilijua anasema kweli. Kijiko changu nacho kilisema kweli. Jibu sikuwa nalo, na mwalimu asiye na jibu ni mtu wa hatari. Nikasema, "Ungekuwa unakuja shule, ungejua."

Darasa likaangua kicheko. Akakaa.

Kesho yake hakuja. Keshokutwa yake hakuja. Ijumaa jirani yake akaniambia hatarudi tena, Jumatatu anakwenda Kikagate na shangazi yake kuuza mahindi. Yesu wangu! Ulimi hauna mfupa. Chaki zilinivunjikia mkononi, nikafagia ua uliokwisha kufagiliwa. Mume wangu akaniuliza kama nimekalia siafu.

Jumamosi huwa nakwenda Mbarara kwenye mafunzo ya walimu. Sikungoja hata chai. Nilimfuata mkufunzi wa sayansi mlangoni, nikamweleza. Akacheka.

"Mwalimu, chupa ni moja, lakini kitu inalia ni mbili. Ukigonga, glasi ya chupa na maji ndiyo inalia. Ukimwaga maji ndani, hewa ndiyo inalia. Hewa ikibaki kidogo, sauti inaenda juu."

Basi! Wote wawili tulikuwa sawa, na ni mimi niliyemwaibisha mwenzangu. Niliaga kabla ya kipindi cha pili.

Kwetu mtu mzima haombi msamaha kwa mtoto. Humpa kitu cha kutafuna, yakaisha. Kwa hiyo nilipita Rwekubo nikanunua mkate, nikaenda nao moja kwa moja mpaka pampuni. Nilimkuta amemfunga mdogo wake mgongoni, zamu yake bado. Nikampa mkate. Akakata kipande, akampa mtoto, uliobaki akanirudishia.

Nikamweleza habari ya hewa na glasi, haraka haraka, wanawake wa foleni wakitega masikio. Mwisho nikasema, "Ulikuwa sawa. Unisamehe."

Akaniangalia. "Hapa hakuna mwenye alinicheka, mwalimu. Balinicheka mu klasi."

Neno hilo la darasani lilininyima usingizi, na Jumapili kanisani nilisimama wenzangu walipokaa. Jumatatu nikafika shuleni mapema, nikajaza chupa, nikazimwaga, nikazijaza tena. Kengele ikalia. Msichana hayupo. Nikaanza kuita majina huku macho yakiwa njiani.

Alitokea mlangoni amevaa nguo ya safari, mfuko kwapani. Hakuingia. Shangazi yake alikuwa amesimama uani, akitazama barabara kama gari linakuja.

Nikaweka daftari chini. "Wiki iliyopita," nikasema, "mwenzenu alisema kweli, mimi nikamkejeli kwa sababu sikujua jibu. Nilikosea." Neno la mwisho nililinong'ona.

Hakuna aliyecheka. Msichana akaegemea mlango.

"Mwalimu, rudilia. Benye kuwa nyuma habakusikia."

Nikarudia, kwa sauti, mpaka shangazi uani akageuka. Ndipo msichana akaingia, akatafuta pa kukaa.