Kati ya Umeme na Maji

Watu wa Busia waliniita Injinia kabla sijakanyaga chuo kikuu, nami sikuwakataza. Nilistahili. Niliondoka kwetu na diploma ya umeme ndani ya bahasha, nikafanya kazi nchi za Ghuba, Uarabuni, miaka sita, nikarudi na kuwajengea wazazi nyumba ya matofali kule Kiyeyi. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilipoingia chuo, upande wa Busitema, diploma ile iliniruhusu kuanzia mwaka wa pili. Mhadhiri akichora mota ubaoni, alinitazama kwanza.

Mwisho wa mwaka huo tulipewa fomu ya kuchagua tawi la uhandisi: umeme, mashine za kilimo au maji. Ilitakiwa irudishwe Ijumaa. Kila mtu alijua nitakachojaza. Mimi peke yangu nilijua kwamba siwezi.

Mwezi wangu wa mwisho Ghuba, swichi kubwa ililipuka usoni mwa mwenzangu wakati nimeinama kuokota bisibisi. Mwanga mweupe, kisha harufu. Hakupona. Sikumsimulia mtu. Tangu siku hiyo, swichi ikilia tak, magoti yangu hupoa kama nimesimama mtoni. Bwenini niliwasha taa kwa ncha ya kalamu ya plastiki, na walioniuliza niliwaambia ndivyo wataalamu wanavyofanya.

Alhamisi dada yangu, mwenye mashine ya kusaga mahindi karibu na mpaka, akanipigia simu. Mashine imezima na wateja wamejaa.

Nilikuta akina mama wamekalia magunia yao. Mafundi wa kwetu wengi hawatafuti waya wenye moto kwa kipimo. Wanaugusa haraka kwa mgongo wa mkono, ili ukiwapiga, mkono urushwe nyuma badala ya vidole kuufumbata. Dada mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo, papo hapo mashineni, kabla sijajua diploma ni nini. Nilikuwa hodari mpaka watu walisimama kunitazama.

"Gusa tujue ni upi umekufa," dada alisema, akifungua boksi la swichi.

Nikainua mkono. Ulifika umbali wa kidole kimoja kutoka kwenye waya, ukakataa kuendelea. Niliona tena ule mwanga.

"Injinia, unasalimia waya?" mama mmoja aliuliza. "Hiyo itakujibu kesho."

"Na mimi unga ya watoto nangoja," mwingine akasema.

"Zimeni swichi kuu," nikasema. "Kule nilikotoka tunafanya kazi kitaalamu."

Dada akazima. Nikamrudisha ahakikishe, mara mbili. Hata hivyo nilikuwa na haraka ya kuutoa mkono humo, na nilipokuwa nikifunga upya waya uliokuwa umeungua kichwa, nikabadilisha nafasi za nyaya mbili. Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Umeme uliporudi, mota ikazunguka kinyume. Mashine ilinguruma vizuri kabisa, lakini unga ulidondoka kidogo kidogo, kama chumvi inayotiwa kwenye mchuzi.

"Inarudi nyuma," yule mama wa kwanza akasema. "Kama fundi wake."

Walicheka, nami nikacheka nao. Nikaomba izimwe tena, nikarekebisha.

Dada alinisindikiza hadi barabarani.

"Tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu lini nini?"

"Mdogo wangu, huo mkono niliufundisha mimi."

Nikamwambia nimechoka na mitihani, nikapanda bodaboda.

Ijumaa nilijaza maji. Wenzangu niliwaambia kwamba umeme nimeshaumaliza, sasa natafuta kipya. Waliniamini, na wawili walinisifu. Mchana huo nilikula nikashiba kwa mara ya kwanza wiki nzima.

Muhula ulipofunguliwa, somo letu la kwanza la vitendo lilikuwa kisimani. Mwalimu alituonyesha mabomba na tangi, kisha akaenda kusimama mbele ya boksi la chuma la kijivu. Nililijua kabla hajaligusa.

"Pampu imo ndani kabisa, hamtaiona," alisema. "Uhai wake wote uko humu. Nani ana diploma ya umeme?"

Darasa zima likanigeukia. Akafungua mlango wa boksi. Ndani palikuwa na mlio mdogo, kama nyuki mmoja chupani. Maneno ya Ghuba yalikuwa tayari mdomoni, yale ya kitaalamu. Nikayaacha.

"Ninayo," nikasema. "Lakini zima kwanza, mwalimu. Naogopa."

Mtu alicheka nyuma yangu. Mwalimu hakucheka. Alizima, akafunga swichi kwa kufuli, akanikabidhi ufunguo.

"Mwaka huu utakaa nao wewe," akasema. "Hakuna atakayegusa humu kabla hujafunga."

Niliufumbata mpaka ukapata joto. Magoti yangu yalikuwa bado baridi. Nikachuchumaa mbele ya boksi, nikavuta kufuli mara moja, nikalivuta tena, ndipo nikainua mgongo wa mkono.