Walipokikimbilia King'ora

Nilikuwa mkalimani wa kampuni ndogo ya kigeni iliyokuja kuvunja mawe katika kijiji kimoja upande wa Rwamgasa. Huku kwetu kila mtu akifungua mdomo anataja dhahabu, lakini barabara na majengo yanayoletwa na dhahabu yanataka kokoto, na kijiji kile kilikuwa na mlima mzima wa mawe. Mimi ni mwanamke mzaliwa wa Shinyanga, Msukuma kwa baba na mama. Kiswahili nilikipata shuleni, Kiingereza nikakipata chuoni. Nilikuwa nimepanga chumba mjini, Kalangalala, na kila asubuhi gari la kampuni lilinipitia.

Bosi wangu alikuwa injinia wa makamo, Mzungu kutoka nchi ya baridi, ambaye Kiingereza kwake kilikuwa cha kujifunza kama kwangu. Niseme mapema kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwangalifu hadi akachosha watu. Dereva akisahau mkanda, gari haliondoki.

Kabla ya baruti ya kwanza aliitisha mkutano kwenye uwanja wa shule. Watu walikuja wengi, wanaume wakakaa upande mmoja, wanawake upande mwingine na watoto mgongoni. Injinia akasimama katikati, akaeleza. Siku ya kulipua, king'ora kitalia. Kikilia, wanaokaa chini ya mlima waondoke, waende upande wa shule, wasirudi mpaka kilie tena. Nilitafsiri kwa Kiswahili, kisha nikarudia kwa Kisukuma kwa ajili ya wazee.

Kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, mzee mrefu mwenye sauti ya chini, akanyoosha mkono.

"Hicho king'ora kinasikika mpaka wapi?"

"Mpaka ng'ambo ya mbuga," injinia alijibu kupitia kwangu.

"Na kinalia kwa sababu ya hatari?"

"Ndiyo. Hatari kubwa."

"Basi tumesikia," kamanda akasema, akaketi.

Hakukuwa na swali jingine. Injinia aliniambia ulikuwa mkutano mzuri kuliko yote aliyowahi kuifanya. Nikamwambia kwamba wamesema wamesikia, hawakusema wamekubali, na kwamba kimya cha watu wengi kiasi kile kina maana yake. Akauliza maana gani. Nilikuwa na wasiwasi tu, kama mtu aliyetoka nyumbani akijua kuna kitu amekiacha motoni lakini hakumbuki ni kipi.

Nilikijua siku ileile. Nyumba iliyokuwa karibu kabisa na mlima ilikuwa ya mama mmoja mjane, ambaye wote tulimwita Mayu, yaani mama. Nilipita kwake kuomba maji. Wanawake walikuwa wamekaa uani wakikata viazi vya kuanika, na mmoja akauliza, kwa Kisukuma, kama mtu anayeuliza habari ya mnada:

"Sasa huo mwano wa mlima utapigwa lini?"

Kikombe nilikishusha bila kunywa.

Kwetu mwano ni kilio cha kuomba msaada. Mtu akivamiwa, nyumba ikiwaka, ng'ombe wakiswagwa na wezi, anayeona anapiga mwano. Anayeusikia anaupokea na kuupaza, jirani yake naye anaupokea, mpaka nchi nzima inalia. Husimami kuuliza kuna nini. Unaacha jembe, unashika fimbo, unakimbia kuelekea sauti inakotoka. Asiyekwenda ataulizwa, na nimeona nyumba zilizotengwa kwa sababu baba mwenye nyumba alibaki kitandani. Hilo nalijua tangu nikiwa mdogo.

Na sisi tulikuwa tumeleta mwano mkubwa kuliko wowote waliowahi kuusikia, tukaufunga juu ya nguzo, tukawaambia watu utalia kwa sababu ya hatari.

Kwenye gari nilimweleza injinia. Alinisikiliza, kisha uso wake ukachangamka.

"Wamekipa jina lao. Hiyo ni dalili nzuri."

"Mwano watu wanaukimbilia," nikasema. "Hawaukimbii."

"Lakini tumewaambia waondoke."

"Tumewaambia wa chini ya mlima. Wale wa mashamba ya mbugani hatukuwaambia neno."

"Wa mbugani wako mbali. Wako salama tayari. Nitawaambia nini?"

Nilijaribu tena. Akafikiri, kisha akasema ataweka walinzi wenye bendera nyekundu kwenye kila njia. Nikamwambia mtu anayekwenda kwenye mwano hapiti njiani, anakata mashamba. Mwisho akasema tutafanya mkutano mwingine wiki inayofuata, lakini mlipuko wa kwanza hausubiri, mashine za kusaga mawe zilishawekwa na wakubwa walishaanza kupiga simu.

Nilikwenda mwenyewe kwa kamanda. Nilimkuta akinoa panga mbele ya nyumba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikakaa kwenye kigoda, tukaulizana habari za nyumbani kama inavyotakiwa, ndipo nikamweleza. King'ora kikilia asije. Na vijana wake wasije. Ni mawe tu yanayopasuliwa, hakuna aliyevamiwa. Alinisikiliza akipitisha kidole kwenye makali.

"Na kama siku hiyo kweli mtu ameumia huko?" akauliza. "Kitalia sauti nyingine?"

King'ora kilikuwa na sauti moja.

"Nimesikia, mwanangu," akasema, akaendelea kunoa.

Siku ya mlipuko ilikuwa ya jua kali, hakuna hata jani lililotikisika. Tangu asubuhi kijiji kilikuwa kimya kwa namna isiyonipendeza. Hakuna aliyeimba shambani. Nilisimama chini ya mlima karibu na mlinzi wa bendera, redio ya upepo mkononi. Nyumba za karibu zilikuwa tupu kama tulivyoomba. Nilipiga hodi kila mlango. Nyumba ya Mayu pia ilikuwa tupu, na nikashukuru, kwa kuwa sikujua kwamba alikuwa ametoka kwenda shambani kwake ng'ambo ya mbuga.

King'ora kikalia. Kilianza chini kama ng'ombe anayelalamika, kikapanda mpaka masikio yakauma. Kisha kikakatika, na katika ule ukimya nikasikia kitu kingine, mbali sana, chembamba. Sauti ya mwanamke. Kisha ya pili. Kisha nyingine upande wa mashariki, na nyingine nyuma yake.

Redio ikakwaruza. "Hiyo sauti ni nini?" injinia akauliza.

"Wanajibu."

"Wanajibu nini?"

Mbugani pamba ilikuwa imefika kiunoni. Niliona vichwa juu yake, vichache, halafu vingi, vikisogea kwa kasi. Niliona fimbo.

"Wanakuja," nikamwambia. "Simamisha. Tafadhali simamisha."

"Utambi umeshawashwa," akasema, na sauti yake haikuwa tena ya bosi.

Nilitupa redio nikakimbia kuwaelekea. Nilipiga kelele kwa nguvu zangu zote, "Rudini! Rudini!", nikipunga mikono. Wakaongeza mbio. Niliwaona wakiinama mbele, wakijitahidi, wanaume wakiwapita wanawake, na ndipo nikaelewa walichokuwa wakikiona. Walimwona mwanamke anayekimbia kutoka mlimani akilia. Mimi mwenyewe nilikuwa mwano.

Sijui akili ile ilitoka wapi. Nilisimama. Nikafunga mdomo. Mbele kabisa, pembeni ya wanaume wawili, nilimtambua Mayu, khanga imemdondoka begani, jembe mkononi. Nikapiga magoti kwenye udongo kama mtoto anayemsalimia mkubwa wake asubuhi, nikasema kwa sauti ya kawaida, ya sebuleni:

"Mwadila, mayu."

Hiyo ndiyo salamu yetu ya mchana. Mayu akapunguza mwendo. Akasimama. Kifua kilikuwa kinampanda na kushuka.

"Mwadila," akajibu, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyeamshwa usingizini. Wanaume wawili nao wakasimama, waliokuwa nyuma wakawagonga mgongoni. Mtu anayesalimia hajavamiwa. Hilo nalo walilijua tangu wakiwa wadogo.

"Za nyumbani, mayu?"

"Nzuri, mwanangu. Lakini..."

"Laleni chini," nikasema polepole. "Nawaomba. Wote."

Walilala katikati ya mistari ya pamba. Ardhi ikaruka. Kisha mawe yakaanza kuanguka, makubwa kwanza, na madogo baadaye, kama mvua inayomalizika. Vumbi liliponipita niliinua kichwa na kuwaita mmoja mmoja. Wote walijibu.

Lakini hawa walikuwa wa upande wa mbuga. Kamanda alikuwa amekuja na njia ya ng'ombe, nyuma ya mlima, peke yake. Baadaye alituambia kwamba vijana aliwaacha, kwa sababu aliniahidi kusikia, lakini yeye alikuja kuhakikisha. Jiwe lilimsaga mguu chini ya goti. Injinia ndiye aliyemfikia kwanza, akamfunga kwa mkanda wake mwenyewe, akambeba mpaka kwenye gari. Hospitali walimwokoa, ila mguu walishindwa.

Tuliporuhusiwa kumwona nyumbani, injinia aliingia mlangoni akaanza kuomba msamaha akiwa bado amesimama, maneno yakimtoka kwa haraka. Mke wa kamanda akanitazama kwa hofu. Kwetu anayezungumza akiwa amesimama mlangoni ameleta habari ya msiba. Nikamwambia injinia akae kwanza, ale kile atakachopewa, aulize habari za watoto. Alikaa. Alikula michembe, vile viazi vya kuanika, na karanga bila kujua anakula nini. Muda ulipofika nikamwambia, "Sasa sema."

Alisema kwamba katika mji wao, zamani, kulikuwa na vita. Bibi yake aliwafundisha wakiwa wadogo kwamba king'ora kikilia unashuka chini ya nyumba, hugeuki, humsubiri mtu. Hata leo akikisikia miguu yake inataka kushuka ngazi. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mahali duniani ambapo mtu atakisikia akakifuata.

Nilitafsiri. Kamanda akauliza:

"Kwa hiyo kwenu sauti ya hatari ikitoka, mnajificha?"

"Ndiyo."

"Na aliyepatwa, nani anakwenda kumsaidia?"

"Wapo watu wa kazi hiyo. Wanakuja na magari."

Kamanda aliangalia mahali mguu wake ulipokuwa. "Sisi hatuna watu wa kazi hiyo," akasema. "Ni sisi."

Hakusema kwa hasira, ndiyo maana neno lile lilimkaa injinia. Kuanzia hapo alitaka jambo lifanyike vizuri. Alisimamisha kazi. Tulikwenda nyumba kwa nyumba mpaka ng'ambo ya mbuga, tukatumia Kisukuma, na Kisumbwa kwa waliotoka Ushirombo. Tulipiga king'ora siku ambazo hakuna baruti, ili watu wazoee. Niliwafundisha kwamba kikilia watulie, wakae chini, wageuze migongo. Mwanzoni miguu yao ilikuwa inacheza kama ya ng'ombe aliyefungwa. Polepole ikatulia. Milipuko ikaendelea na hakuna aliyeumia tena. Wakubwa wa injinia walitusifu kwa simu. Mimi nikajisikia fahari, na nadhani haikuwa fahari ya uongo.

Halafu ikaja asubuhi moja, muda wa chai. Nilikuwa uani kwa Mayu. Kutoka ng'ambo ya kijito, kwenye maduara, yaani mashimo, ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, mwanamke anayewapikia alipiga mwano. Haukuwa king'ora, lilikuwa koo la mtu. Niliwaona watu wakitoka milangoni. Walisimama. Wakatazamana, kisha wakageuka kutazama mlima. Jirani mmoja alikusanya wanawe akaanza kuwapeleka upande wa shule. Mayu alikuwa amesimama katikati ya ua, mkono kwenye kifua.

"Huu ni wa mlima au wa watu?" akaniuliza.

"Ni wa watu, Mayu," nikasema, lakini hata mimi nilisikiliza mara ya pili ndipo nikasema.

Tukakimbia. Wengine walipotuona wakafuata. Duara lilikuwa limeporomoka na watu wawili ndani. Wachimbaji walichimba kwa mikono na sufuria, nasi tukashika tulichokipata. Mmoja alitolewa akikohoa udongo. Wa pili alikuwa bado na joto tulipomfikia. Yule mpishi alikuwa amekaa kando, sauti imemwishia kabisa, akitutazama mmoja mmoja tulivyokuwa tunafika. Hakutulaumu. Sikuweza kumtazama muda mrefu.

Baada ya mazishi mkutano uliitishwa, uwanja uleule wa shule. Injinia aliomba kuhudhuria, akakaa nyuma kimya. Watu walikubaliana kwamba kuanzia sasa anayepiga mwano ataje jina la aliyepatwa au la mahali, ili usije ukachanganywa na sauti ya mlima. Wengi waliona ni wazo zuri, na mimi pia. Kamanda peke yake alikataa. Alijiinua kwa gongo lake, akasema mtu anayekabwa koo hana muda wa kutaja jina.

Azimio halikubadilishwa. Injinia akaninong'oneza, akauliza mzee amesema nini. Nikamtafsiria neno kwa neno. Alifungua mdomo kama anayetaka kuniuliza jambo, kisha akageuka kuwatazama watu waliokuwa wanaanza kuinuka na kukung'uta vumbi nguo zao, mmoja mmoja, kila mtu na njia yake.