Uvimbe Chini ya Sikio

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea kwenye baraza ya duka la vitambaa Kariakoo, la mama mmoja wa Kihindi ambaye kwa umri angeweza kunizaa. Baridi yabisi iliponikamata, asubuhi nilishindwa hata kufunga vifungo vya blauzi. Daktari alinieleza kwamba kinga ya mwili wangu imegeuka, inashambulia viungo vyangu yenyewe, akaniandikia vidonge vya kuipunguza nguvu. Vilinisaidia. Nikashika mkasi tena.

Siku moja wateja walikuwa wachache, nikampa yule mama karatasi iliyokuwa ndani ya boksi la dawa anisomee, maana ilikuwa ya Kiingereza. Akavaa miwani, akawa ananitafsiria: kichefuchefu, vidonda mdomoni, nywele kupukutika. Kisha akaikunja karatasi.

"Endelea, mama."

"Wanasema kwa baadhi ya watu inaweza kuongeza hatari ya kansa ya tezi, hizi za shingoni na kwapani. Baadhi tu, mwanangu."

Tangu hapo mkono wangu haukutulia. Najipapasa nikioga, najipapasa nikisubiri pasi ipate moto. Wiki ya tatu nikagusa uvimbe chini ya sikio la kushoto. Hauumi. Bora ungeuma.

Sikumwambia mtu. Niliacha vidonge kimyakimya nikidhani najiokoa. Mwezi haujaisha, vidole vikavimba, nikawa nashika mkasi kwa mikono miwili. Gauni la send-off la mteja aliyekuwa anaagwa kwao kabla ya kuolewa nikalishona, mkono wake mmoja ukawa nje ndani. Yule mama akaliona, akaniangalia vidole.

"Dawa unakunywa?"

Nikaanza kulia. Akafunga duka saa tano asubuhi, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, tukachukua bajaji mpaka hospitali, Upanga.

Daktari tuliyemkuta alikuwa binti, mdogo kwangu. Aliniamkia shikamoo ndipo akanishika shingo. Nilimweleza yote.

"Nani alikwambia uache dawa?"

"Woga."

Hakunicheka. "Hofu yako ina msingi, mama. Dawa hizi zinaweza kuongeza hatari kidogo. Lakini ugonjwa wenyewe ukiachwa uwake miaka, nao unaongeza hatari hiyo hiyo. Kwa hiyo kuacha peke yako hakukukingi. Ukiogopa, njoo tuzungumze."

Wakakata kinyama kwenye ule uvimbe wakapime. Majibu baada ya wiki mbili. Siku hizo chakula kilinishinda. Niliandika kwa chaki jina na vipimo kwenye kila kitambaa cha mteja, ili fundi atakayekuja baada yangu asihangaike.

Siku ya majibu yule mama alikaa nami kwenye benchi, amenishika kiganja. Daktari akasema, "Siyo kansa. Ni TB ya tezi. Kinga ilipungua, ikapata nafasi. Inatibika."

Nilicheka kwa sauti. Nani anacheka akiambiwa ana TB? Halafu nikalia.

Nilimeza dawa za TB miezi sita. Za viungo nilirudishiwa baadaye, kwa kipimo kidogo, nikipimwa damu mara kwa mara. Uvimbe umekwisha na kazi naifanya. Woga ndio haujaondoka. Kila kliniki namwomba daktari anipapase shingo na kwapa, hata foleni ikiwa ndefu. Ananipapasa taratibu, nami nabana pumzi mpaka aseme neno.