Kinanda cha Picha Bubu

Siku yangu ya kwanza katika ukumbi wa jamii hapa Kakamega, Msimamizi wa Ukumbi alinikalisha mbele ya kinanda, akanigeuza shingo kwa mkono wake kama kinyozi. "Mwalimu, vidole achana navyo. Wewe angalianga picha tu." Nilikuwa nimepiga kinanda kanisani miaka mingi na nikajiona najua. Sikujua lolote.

Nyinyi mnaotazama filamu kwenye simu mtashangaa. Picha bubu haina sauti hata ya kikohozi. Maneno machache huandikwa kwenye skrini, mengine yote huletwa na mpiga kinanda. Chetu kilikuwa cha upepo: miguu inakanyaga makanyagio mawili, mivukuto inajaa upepo, na ukiacha kukanyaga sauti inakufa. Juu ya vitufe kuna vishikio vya kuvuta, hiki cha sauti nyembamba, kile cha sauti nzito. Tulionyesha Jumapili mchana, madirisha yamefunikwa kwa mablanketi.

Nilitumwa kote. Bukura, wanafunzi wa kilimo walicheka mahali pa kulia, nikakasirika bure. Mayoni, wazee walinipokea kwa salaam aleikum na chai, kisha wakataka nipige polepole wapate kusoma. Baadaye alikuja Katibu wa Maonyesho, mama mkali asiyependa mzaha. Yeye ndiye aliyenifundisha jambo la kwetu: mtu akifa kwenye picha, akina mama hulia kama wako matangani.

"Usiwakatize," aliniambia. "Vuta ile sauti nzito, urefushe. Kila mtu analilianga wake."

Mke wangu, Mmbone, alikuwa na ugonjwa wa moyo. Jumapili ya mwisho miguu yake ilikuwa imevimba, nikamsihi abaki.

"Baba Aggrey, nibaki nisikilize kuku?"

Akaja. Alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango apate hewa, na jirani yetu Mama Linet ubavuni. Niliogopa, lakini saa ilikuwa imefika na watu wamejaa.

Picha ilifika pale baba mmoja anapozikwa. Nikasikia kilio nyuma yangu. Nilifurahi, siwafichi. Nikavuta sauti nzito, nikarefusha. Kilio kikapanda, nami nikapanda nacho, jasho linanitoka, macho kwenye skrini. Hakuna aliyenigusa bega. Katibu mwenyewe, aliyeketi mbele, alidhani wanalilia picha.

Nilipoinua vidole, kilio hakikukoma. Ndipo nikageuka.

Mmbone alikuwa amelazwa kwenye benchi, leso ya Mama Linet imemfunika uso.

"Tulipoanza kulia alikuwa bado anapumua," Mama Linet aliniambia. "Alikuwa anakuita. Tukakuita, Baba Aggrey, tukakuita. Kinanda ikatushinda."

Nilistaafu wiki hiyo kwa barua ya mistari miwili. Sasa ukumbi una spika, na vijana huja nyumbani kuniuliza kazi ile ilifanywaje. Huwaeleza habari za makanyagio na vishikio bila kuchoka, kwa sababu kazi ilikuwa nzuri na mtu asiitukane kwa ajili yangu. Mikono ingali na nguvu. Kinanda sijakigusa tena.

Waliokuwepo husema sikuwahi kupiga vizuri kama siku ile. Ni kweli, na hilo linaniuma kuliko kifo chenyewe.